Mhariri, wachezaji nao wana majina

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Gazeti lenu nimelisoma lote kama kawaida yangu, nikafika ukurasa wa nyuma nikakuta ile picha ya konseri, mwimbaji yuko katikati ameshika mikro, nyuma yake vijana wanne wameruka pamoja, miguu yote minane iko hewani, na chini ya picha mmeandika jina la mwimbaji, jina la bendi yake, hata la mpiga picha mmeweka, halafu mkamalizia "pamoja na wachezaji wake". Sasa wale wanne mimi nawajua. Wawili walianzia kwangu, hapa hapa kwenye parsele yetu, wakiwa na miaka 9. Ile picha nimeikata na mkasi, naandika huku naiangalia, na sikuja kugombana na nyinyi, gazeti lenu nalipenda na watoto ninaowafundisha wanalisoma, ndo maana nataka mnisikilize.

Ninaomba muwe mnaandika majina ya wachezaji.

Mimi nafundisha dansi, huu ni mwaka wa 15. Shule sina, niko na uwanja nyuma ya nyumba, bafle moja ambayo sauti imeanza kukwaruza, na watoto 20 na kitu kila Jumamosi saa nane, umeme ukikatika tunapiga bidoni, yale madumu ya maji, na repetisyo inaendelea. Diploma pia sina. Nilijifunza kwa kuiga. Nilianza kumuiga shangazi yangu, halafu watu niliowaona kwenye kaseti za video za jirani, halafu ilipokuja telefone basi, usingizi ukaisha, usiku kucha naangalia watu wanaocheza ambao sikujua hata kama wapo duniani, mpaka mama anagonga ukuta ananiambia nilale.

Kuna wasomaji wameshaandika humu kwamba vijana wa siku hizi kazi yao ni kuiga tu vya telefone, hawana chao. Mimi sikubali. Kuiga ndio kujifunza, mtoto anajifunza kusema kwa kumuiga mama yake na hakuna anayemgombeza. Shida naiona mahali pengine. Mtoto anakuja kwangu na hatua nzuri kabisa, namuuliza umeitoa wapi, ananiambia "ku telefone, Yaya". Ya nani? "Sijue, mtu tu." Hapo ndo naumia, juu mtoto akijua jina la mwenye hatua ile anaweza kumtafuta, akaona alivyocheza akiwa kijana na alivyocheza mwili ulipochoka, akajua alifundishwa na nani, akamtafuta na huyo, lakini bila jina anabaki na sekunde 15 mkononi na njia imeishia hapo.

Kwa hiyo kwangu tuko na utaratibu. Kila mwezi tunachagua mtu mmoja, jina lake naliandika ukutani kwa chaki kubwa, na tunaangalia dakika mbili zake zile zile mwezi mzima. Jumamosi ya kwanza miguu tu, mikono hatuiangalii hata kama inafanya maajabu. Ya pili kiuno na mgongo. Ya tatu mikono, shingo na macho. Ya nne ndo ngumu kuliko zote, tunatafuta mahali ambapo muziki unapita na yeye hachezi, ameuacha upite. Mchezaji mkubwa utamjulia hapo, watoto wengi wanadhani kila ngoma ikilia lazima na wao wafanye kitu.

Mwaka jana tulianza na Tshala Muana, na nataka niseme kidogo juu yake kwa sababu ni wa kwetu, alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1958 na nusu ya watoto wangu hawakujua. Walimjua ni mwimbaji, kambo zao, yaani bibi na babu zao, walimpenda, alifariki Desemba 2022 na redio zikalia wiki nzima. Lakini alipofika Kinshasa alianza kama mchezaji, akicheza nyuma ya mwimbaji Mpongo Love, yaani alikuwa mmoja wa hao mnaowaita "wachezaji wake"! Ingekuwa kuna picha ya wakati ule gazetini, sijui kama jina lake lingeandikwa.

Mutuashi yake ni ngoma ya Waluba wa Kasai, kiuno ndicho kinachosema, na shangazi yangu alikuwa anainyosha vizuri sana. Alikuwa ananifunga kitenge chini ya kiuno, siyo juu, chini kabisa pale mfupa unapotokeza, ananiwekea sahani ya plastiki yenye maji kichwani halafu ananiambia cheza. Nilimwaga maji wiki tatu. Nilikuwa nasukuma kiuno kwa nguvu ya tumbo, mabega yanakimbia huku na huku, maji usoni. Siku moja akainama akanishika magoti yote mawili na mikono yake akayakunja kidogo tu, upana wa vidole viwili hivi, akasema "zungusha kutoka hapa". Kiuno kikaenda chenyewe na maji hayakumwagika. Mpaka leo nikimwangalia Tshala namwangalia kwanza magoti, watu wote wanaangalia kiuno lakini siri iko chini.

Halafu kwasa kwasa. Hiyo ngoma miaka ya 1980 na 1990 ilizunguka Afrika yote na Ulaya, waimbaji wetu waliibeba, Pepe Kalle aliicheza, Kanda Bongo Man akaifikisha mpaka London na Paris, harusi ya Nairobi, harusi ya Harare, wote mikono na kiuno. Mwenye kuitunga husemwa ni fundi mekanika mmoja wa Kinshasa, jina lake Jeanora. Niliwaambia watoto hilo Jumamosi moja na wakanyamaza, halafu mmoja ambaye baba yake anatengeneza magari barabara ya kwenda Kasumbalesa akauliza "mekanika? sawa baba?" Nikamwambia ndiyo, sawa baba. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa anacheza kwasa kwasa kama mtu anayefunga boliti, mabega yamelegea na mikono inajua inakokwenda, na sikumrekebisha hata kidogo. Hebu angalia, jina moja tu na kazi ya huyo mtu, vilivyomfanyia yule mtoto.

Na msifikiri kwamba hao wakubwa wa ng'ambo hawaigi. Kila mtu anajua Michael Jackson aliteleza kinyumenyume mwaka 1983 kwenye televisheni ya Marekani na dunia ikapiga kelele. Ile hatua alifundishwa na Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar, na kabla ya wote hao kuna Bill Bailey, mchezaji wa viatu vya kugonga, aliyepigwa picha ya sinema mwaka 1955 akiifanya anapotoka jukwaani, na video iko, watoto wangu wameiona. Michael mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba utotoni alikuwa anamwangalia mwimbaji James Brown, anaangalia miguu yake. Na James Brown huyo huyo alikuja kwetu, Kinshasa, Septemba 1974, kwenye lile tamasha kubwa lililofungamana na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Ukijua majina unaona watu wameshikana mikono kutoka mmoja mpaka mwingine na mkono wa mwisho umefika mpaka huku.

Aliyenibadilisha mimi kabisa ni Germaine Acogny. Nilimkuta telefoni usiku mmoja, mama mrefu, kichwa kimenyolewa, amesimama tu, na kule kusimama kwake tayari ni dansi. Alizaliwa Benin mwaka 1944 akakulia Senegali, mwaka 1968 akafungua studio yake ya kwanza Dakar, baadaye akaongoza Mudra Afrique, shule ya dansi ambayo rais Senghor wa Senegali na Maurice Béjart, mtunzi wa dansi Mfaransa, waliianzisha, kuanzia 1977 mpaka 1982. Ilipofungwa hakukaa kulia. Mwaka 1998 yeye na mume wake wakaanzisha École des Sables, yaani Shule ya Mchanga, kule Toubab Dialaw, kijiji cha pwani, na kuna studio pale ambayo sakafu yake ni mchanga. Mwaka 2021 Biennale ya Venezia, tamasha kubwa la sanaa kule Italia, ikampa tuzo ya Simba wa Dhahabu wa dansi. Anafundisha kwamba kifua ni jua, makalio ni mwezi, na chini ya kitovu kuna nyota. Nilipowaambia watoto walicheka wakaziba midomo, ila sasa nikipiga kelele "jua liko wapi?" vifua vyote vinafunguka kwa mara moja, na miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nasema simama wima, simama wima, hakuna anayenielewa. Msichana mmoja wa miaka 11 aliuliza "ule mama eko muzee na anacheza vile?" nikamwambia umri wake unampita kambo yako, akakaa kimya muda mrefu anaangalia. Kambo yake anaambiwa kila siku akae chini apumzike.

Kwenye shule hiyo ya Acogny ndipo ilipochezwa tena kazi ya Pina Bausch, Mjerumani, mwenye kutunga dansi wa mji wa Wuppertal, aliyefariki 2009. Yeye mwaka 1975 alichukua muziki wa Stravinsky, Mrusi, ule ambao Nijinsky, mchezaji Mrusi pia, aliutungia dansi Paris mwaka 1913 na watu ukumbini wakazomea, akamwaga udongo jukwaa zima, wachezaji wanacheza miguu mitupu ndani ya udongo, jasho linatoka udongo unashika nguo, na kuna gauni moja jekundu ambalo kila msichana analiogopa kwa sababu atakayelivaa ndiye atacheza mpaka afe. Basi wakakusanywa wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika waicheze, mwaka 2020, wakajiandaa miezi, na karibu na kuanza korona ikafunga kila kitu. Wakatoka nje, wakaicheza yote kwenye mchanga wa ufuko jua likienda kuzama, ikapigwa filamu. Niliangalia ile video nikatoka nje nikaangalia uwanja wangu. Ninyi mnajua udongo wa Lubumbashi ulivyo mwekundu, mwezi wa nane vumbi linaingia mpaka kwenye sahani, na miaka yote hiyo nilikuwa naona aibu, namwagia maji, natandika turubai kuukuu ili watoto wasichafuke, wazazi wasinung'unike sabuni. Tangu siku ile turubai nimelikunja. Kabla ya kuanza nawaambia watoto wasimame, waukanyage udongo polepole, wausikie.

Na Alvin Ailey, mtunzi wa dansi wa Marekani, huyo nampeleka kwa wazazi, siyo kwa watoto. Kuna baba mmoja alikuja kumtoa binti yake kwangu, baba wa kanisa, mtu mzuri, alisema kwa heshima zote "Mama, kucheza haiko kazi ya mutoto ya Mungu." Sikubishana naye. Nilimpa kiti, nikamfungulia telefone nikamwonyesha dansi yake, Revelations, ya mwaka 1960. Ailey alizaliwa Texas mwaka 1931, katika umaskini, mama yake alikuwa anachuma pamba, na kazi hiyo aliitoa kwenye kumbukumbu za kanisa la utotoni mwake. Kuna sehemu wanakwenda kubatizwa, wote wamevaa nyeupe, vitambaa virefu vinatikiswa vinakuwa mto. Na mwisho wamama wamevaa njano wanakuja na vigoda na vipepeo vya mkononi, wanajipepea kama wamama wa kwetu mahubiri yakirefuka, yaani ni kanisa letu kabisa. Yule baba aliangalia mpaka mwisho. Akaniuliza "huyu aliyetunga anaitwa nani?" Nikamwandikia jina kwenye karatasi akaliweka mfukoni. Binti yuko bado kwangu, alikuja juzi na viatu vipya.

Lakini sitaki mdhani wakubwa wote wako mbali. Faustin Linyekula wa Kisangani, mtunzi wa dansi, huyo ni Mkongomani mwenzetu, mwaka 1997 akiwa Nairobi alianzisha kundi la dansi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, 2001 akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, halafu badala ya kuhamia Ulaya ambako walikuwa wanamwita kila siku akaihamishia Kisangani mwaka 2006, mji uliopigwa na vita mpaka vita vikachoka. Na sisi hapa tulikuwa na Dorine Mokha, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa anacheza na anaandika, mwili wake na maneno yake vinatoka jukwaani pamoja, alifariki Januari 2021, kijana bado. Sikuwahi kumwona akicheza mbele yangu na hilo linanikaa moyoni, nilikuwa naishi mji mmoja na yeye! Wakati nasumbuka usiku kutafuta watu wa Dakar na New York, yeye alikuwa hapa, pengine tulipanda teksi moja. Nilimjua vizuri baada ya kufa kwake. Kama ningekuwa nasoma jina lake gazetini kila anapocheza ningeenda, ningepeleka watoto, ningekaa mbele.

Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na alikuwa anatusimulia sana Jecoke, vijana wa Kenya, siyo nchi bali komine, mtaa wa hapa Lubumbashi, Jeunes Comiques de la Kenya kwa kirefu, waliokuwa wanaimba, wanachekesha na wanacheza, mji mzima unawafuata. Jina la Edouard Masengo tulilisikia mara nyingi maana alipita pale na gitaa lake likasikika mbali. Siku moja, alikuwa na miaka 80 na zaidi, alisimama kutoka kwenye kiti chake, akaweka fimbo ukutani, akatuonyesha hatua moja ya mmoja wao, mguu wa kulia unachora duara chini kwa ncha ya kiatu, wa kushoto unasubiri, unasubiri, halafu unaingia katikati ya duara na mtu amegeuka tayari. Aliifanya mara mbili. Tukapiga makofi tukamuuliza, Babu, huyo kijana aliitwa nani? Akafikiri, akashika paji la uso, akasema alikuwa mwembamba, alipenda kofia, alikaa karibu na soko. Jina limepotea. Alikaa akasikitika siku nzima, chakula cha jioni hakukigusa.

Hatua ile ninayo. Nimeifundisha watoto zaidi ya mia, na wale wawili wa kwenye picha yenu wanaifanya kila konseri katika wimbo wa pili, watu wanapiga mayowe. Kila nikiifundisha watoto wananiuliza ya nani, kwa sababu mimi mwenyewe nimewazoesha kuuliza, na mimi nawaambia ni ya kijana mwembamba mwenye kofia.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, mkiwatuma watu wenu kwenye konseri, harusi kubwa, mashindano ya shule, wawaulize wachezaji majina, na wakipata nafasi wawaulize pia nani aliwafundisha na nani alitunga ile dansi. Siyo ukurasa mzima, mstari mmoja chini ya picha unatosha, na mkipenda siku moja kuwapa kona yao ndogo mimi nitawasaidia kuwatafuta, wazee wako bado mitaa ya Kamalondo na Kenya waliocheza zamani na wana kumbukumbu, ila wanatuacha mmoja mmoja na kila mmoja anaondoka na majina.

Picha yenu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nyuma yake nimeandika na biki majina ya wale wanne, kutoka kushoto kwenda kulia, kila mmoja aliniandikia mwenyewe kwanza ili nisikosee herufi. Humu ndani ya barua sikuyaweka maana mahali pake ni chini ya picha. Wa tatu, aliyeruka juu kuliko wenzake, ameomba muandike na jina la mama yake.

Mwalimu wa dansi, Katuba, Lubumbashi